Mumiani wa Malinyi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa baiskeli, koti jeupe na sanduku la slaidi, vile vipande vyembamba vya kioo vya kupakia damu. Nilipita nyumba kwa nyumba hapa Ifakara nikiwatoboa vidole watoto wenye homa, kisha tone la damu likaenda maabara kutafutwa vimelea vya malaria. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kubembeleza watoto.

Nilipohamishiwa timu ya Malinyi, nikakuta uvumi umetutangulia. Eti tulikuwa mumiani, wanaoua watu na kuuza damu yao. Kijiji kimoja kilituzuia, wakamnyang'anya dereva wetu ufunguo wa gari na kumkalisha chini. Vijana walishika mapanga. Mbele yao alisimama bibi mmoja, Mama Getruda, mjukuu wake mgonjwa mgongoni.

Nikaanza kueleza habari za mbu na vimelea. Kelele zikazidi. Msimamizi wetu, Mpogoro mmoja mpole, akanivuta kando.

"Acha kufundisha, nesi. Waulize wameona nini."

Nikamgeukia yule mama. "Shikamoo, mama. Nini kilitokea?"

"Marahaba. Mlichukua damu ya mjukuu wangu mkubwa. Mtoto akafa. Hakuna aliyerudi kuniambia alikuwa na nini. Sasa wewe ungefikiri nini?"

Msimamizi alivua kofia.

"Pole sana, mama. Tulipaswa kurudi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mama hakuwa mjinga. Alikuwa na kifo kisicho na maelezo, na hadithi yenye mwuaji ilikuwa afadhali kuliko kutojua kabisa.

"Na huyu wa mgongoni ana homa," msimamizi akasema. "Tumpime hapa hapa, mbele yenu?"

Mama Getruda akamshusha mtoto.

Tuliweka hadubini yetu kwenye meza ya shule, tukapaka slaidi rangi, tukangoja. Mama Getruda alichungulia mwenyewe, nikamwonyesha vimelea. Mtoto akapewa dawa, nasi tukabaki kijijini. Kesho yake mtoto aliomba uji. Nilikaa kwenye ngazi ya darasa, nikimtazama akiunywa. Ufunguo wa gari alikwenda kuudai Mama Getruda mwenyewe, na hakuna aliyebishana naye.

Si wote walioamini. Mzee mmoja alisema vidudu tulivitia wenyewe. Alikubali kupimwa kwa sharti kwamba slaidi yake ioshwe kwanza mbele ya macho yake, nasi tukaiosha.

Sasa nimestaafu, nalima mpunga Kibaoni. Wauguzi vijana huja kunilalamikia juu ya uvumi unaozagaa kwenye simu, eti chanjo zinafunga uzazi. Nawauliza kama wamemsikiliza anayeogopa, au wamemcheka tu. Wengine hukasirika, wengine hurudi kwa mgonjwa wao. Mimi nashukuru kwamba safari ile ya Malinyi kila mtu alirudi kwake mzima.