Siku Mama Alipokisikiliza Kiredio cha Mjomba

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja pale Ukunda. Alipogusisha ncha ya moto kwenye waya, moshi mwembamba ukanipanda puani: harufu ya risasi ya kuchomelea inayoyeyuka, kali na tamu kidogo, kama ubani uliochomwa juu ya chuma. Nikajikuta nimeshika ukingo wa meza. Fundi akaniuliza kama naumwa, nikamwambia la. Ningemweleza nini? Kwamba hiyo ndiyo harufu ya chumba cha mjomba wangu Suleimani, na kwamba hadi leo, nami ni mtu mzima mwenye watoto, ikinifikia hutega sikio kabla sijajua nategea nini?

Nitawaeleza nyinyi, kwa kuwa mmekaa kunisikiliza.

Tulikuwa tukiishi Bongwe, mama, dada yangu Mejumaa na mimi. Baba alikuwa kazini Mombasa, akija mwisho wa mwezi. Mjomba Suleimani, mdogo wake mama, alikaa peke yake katika chumba cha uani akitengeneza televisheni na simu za watu. Wanaume wengine wa mtaa wetu wakimaliza kazi walicheza bao, wengine karata. Mjomba alikuwa na starehe yake. Zamani alifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, na mgeni mmoja alipokuwa anarudi kwao alimwachia kiredio cha mkononi, cheusi, chenye antena fupi kama mkia wa panya. Hakikushika muziki wala taarifa ya habari. Kilishika sauti za polisi, za madereva wa magari ya wagonjwa, za wazima moto na za waokoaji wa ufuoni, pwani nzima, toka Likoni hata kule mpakani.

Kukisikiliza kulitaka subira. Mitambo yao mipya, alinieleza mjomba, haikuwaweka watu kwenye wimbi moja. Mmoja akimaliza kusema, anayemjibu hutokea wimbi jingine, na kiredio kinabaki kuwafukuzia huku na huku. Mara nyingi tulipata swali bila jibu, au jibu bila swali. Mjomba alikuwa na waya wa masikioni wenye vichwa viwili. Kimoja alitia yeye, kimoja alinipa mimi, tukakaa bega kwa bega kitandani kama watu wanaonong'onezwa siri moja.

Nisiwafiche, mwanzoni ilikuwa raha. Tulimsikia askari mmoja, niliyempa jina la Bwana Mafua kwa jinsi alivyovuta pua, akiomba msaada kwa sababu ng'ombe wamelala barabarani Mwabungo na mwenyewe haonekani. Tulimsikia mwokoaji wa ufuoni akiripoti kwamba miwani ya mgeni imeibwa na kwamba mshukiwa, ambaye ni kima, amepanda mnazi. Aliyewapokea wote alikuwa mwanamke mmoja, sauti yake baridi na tulivu kama maji ya mtungini. Nilimwita Bibi wa Kituo. Iwe ng'ombe, iwe moto, yeye alijibu kwa sauti ileile: "Nimekupata. Endelea."

Mama hakuipenda starehe ile hata kidogo. "Suleimani," alikuwa akisema, "utakuja kutiwa ndani na hicho kidude chako, na mtoto wangu umemfanya shahidi."

Mjomba alicheka tu. Lakini kwangu alikuwa na sharti moja, na hilo hakulicheka: ya humu yaishie humu. Tukisikia nyumba ya fulani imeshika moto, hatukutoka kwenda kusimulia. Si habari zetu, alisema, ni za wenyewe.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa ya masika, shule zinafungwa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, kisha asubuhi ile ikakatika ghafla, jua likatoka, kila kitu kikafuka mvuke. Mejumaa alikuwa akisoma shule ya bweni ya wasichana upande wa Kikoneni. Jana yake alikuwa amepiga simu, kwa simu ya mwalimu, kwamba shule imekodisha gari jeupe kuwaleta wasichana wa huku kwetu. Mama aliamka akaoga, akajifunga leso mpya, akaanza kupika kama anayepokea bwana harusi.

Mie nilikuwa chumbani kwa mjomba. Alikuwa akichomelea kitu mezani, kiredio kimelala pajani kwake. Kwanza nilimsikia Bwana Mafua, lakini hakuwa akivuta pua. Alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake palikuwa na mngurumo.

"...kwenye kivuko, huku Kikoneni, maji yamelibeba! Gari jeupe, gari la..." Kikakatika.

Mjomba akaweka chini chombo chake. Kiredio kikawafukuzia. Ikaja sauti nyingine, ya mtu mwingine: "...wanafunzi. Narudia, ni wanafunzi. Wasichana."

Kisha Bibi wa Kituo. Nilimngoja aseme "Nimekupata." Alisema, "Rudia, tafadhali." Akasema tena, "Rudia." Na sauti yake ikatetemeka.

Sijui kama nitaweza kuwaelewesha. Nilikuwa mtoto, sikuwahi kumwona mwanamke yule, sikujua hata jina lake. Lakini nilipoisikia sauti ile ikitetemeka, niliung'ang'ania mkono wa shati la mjomba.

"Dadako alisema gari lao ni la rangi gani?" mjomba aliniuliza pole pole.

Alinitazama usoni akajua.

Alichomoa waya sikioni mwangu kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama anayetoa mwiba. "Nisikilize, Mwanamisi. Nakwenda Msambweni hospitali, wakipatikana watapelekwa pale. Mamako usimwambie neno. Huenda si wao. Umenielewa?"

Niliitikia kwa kichwa, akatia kiredio mfukoni, akatoka kwa njia ya nyuma.

Nami nikaitwa.

"Mwanamisi! Njoo unikunie nazi."

Nilikalia mbuzi, nikashika kizio cha nazi kwa mikono miwili. Mama alikuwa amenigeuzia mgongo, anakoroga chungu, anaimba. Harufu ya kitunguu na nguru wa kukaanga imejaa uwanja mzima. Aliniambia Mejumaa atakuta kitanda kimetandikwa shuka la maua, kwamba safari hii lazima atakuwa amekonda kwa maharage ya shule. Kila neno lake lilikuwa kama mtu anayetembea kuelekea shimo bila kuliona, nami nimefungwa mdomo. Nilitaka anyamaze. Nilitaka aendelee, kwa sababu maadamu anaimba, bado hakuna kilichotokea.

Meno ya mbuzi yakanipata kidole. Damu ikadondoka kwenye nazi nyeupe.

"We mtoto!" Mama aligeuka, akacheka, akanishika mkono akautia mdomoni mwake kuufyonza. "Una nini leo? Mbona unatetemeka? Umeshikwa na homa?"

Alinigusa paji la uso. Niliyatazama macho yake, karibu kabisa na yangu, hayana habari yoyote. Sijawahi kuogopa kitu maishani mwangu kama nilivyoyaogopa macho yale.

Hapo ndipo nilipomwona mjomba amesimama penye upenu. Hakuwa amekwenda hospitali. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu la barabarani. Alifika barabarani tu, akarudi.

"Dada," alisema. "Kaa kitako."

"Nikae kwa nini? Chungu kitaungua."

Mjomba akaja, akautoa mwiko mkononi mwake, akaepua chungu, yeye mwenyewe akaketi chini mchangani. "Kaa, dada yangu."

Mama akakaa. Mjomba akamwambia yote, bila kuzungusha: kwamba kuna gari limechukuliwa na maji, kwamba lina wasichana wa shule, kwamba hajui kama Mejumaa yumo, na kwamba hajui aliye hai wala aliyekufa. "Nilichosikia ni hicho tu. Sasa na wewe umekisikia."

Mama hakulia. Aliuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu hujamwita mtoto akune nazi."

Akampiga ngumi ya kifua. Akampiga tena. Mjomba hakujikinga. Kisha mama akainuka, akatoa sauti ambayo sikujua kwamba iko ndani ya mama yangu, ndefu, na majirani wakaanza kutoka. Nilimchukia mjomba wakati ule. Nilimwona yeye ndiye aliyelitenda jambo lile, yeye na mdomo wake.

Hakuna aliyekumbuka kuniacha, kwa hiyo nilikwenda nao. Mjomba alisimamisha tuktuk, tukaingia. Hatujafika mbali mama akanyoosha kiganja.

"Nipe hicho kidude."

Mjomba akampa. Mama, ambaye hakuwahi kukigusa, akatia waya sikioni chini ya buibui, akafumba macho. Barabara nzima alikuwa akitusomea yanayomfikia, kwa sauti isiyo yake. "Wamefunga kamba... Wanasema mmoja ametoka... Mwingine ametoka, anapumua..." Kisha kimya, kiredio kinafukuzia. "Huyu hawasemi kama anapumua. Suleimani, mbona hawasemi?" Baadaye: "Hawataji majina?"

"Hawataji, dada."

Nilikuwa nimeshika pindo la leso yake. 

Hospitalini tuliwakuta wasichana wameketi kwenye benchi ndefu ukumbini, wamefunikwa mashuka, miguu imejaa tope, kama vifaranga walionyeshewa. Mama aliwapitia mmoja mmoja akiwafunua nyuso. Mejumaa alikuwa wa karibu na mwisho. Ana kiatu kimoja. Alimtazama mama kama asiyemjua, kisha akasema, "Mama, sanduku langu limekwenda na maji," ndipo mama akaanguka magotini na kulia.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Mejumaa alikuwa na rafiki wa kulala kitanda cha jirani, Faith, mtoto wa mama mmoja wa bara aliyefanya kazi ya kufua hotelini Diani. Faith hakuwa kwenye benchi, na wote pale ukumbini walikuwa wamekwisha kujua kwamba ametolewa majini hapumui. Na mamake alipoingia, bado yuko na sare ya kazi, alikuwa anatabasamu kidogo. "Nimepigiwa simu, wameniambia amejikwaruza tu," alimwambia kila aliyempita. "Mko salama? Mmemwona wangu?" Watu wakamwitikia salamu. Mmoja akampisha njia. Mwingine akainamia viatu vyake.

Mjomba akatoka pale alipokuwa, akamshika mkono. "Mama, keti nami hapa. Si mkwaruzo. Daktari anakuja kukuambia mwenyewe, nami sitaondoka."

Niliona ule uso ukibadilika. Nikajificha nyuma ya bega la Mejumaa nisimwone mjomba.

Kwa muda mrefu baada ya siku ile nilimwogopa. Nilidhani mauti yamo mfukoni mwake, na kwamba anayekaa karibu naye ndiye anayefikiwa. Sikukanyaga tena chumba kile, na mandazi aliyoniletea nilimpa paka. Hakuniuliza. Miaka michache baadaye mitambo ya polisi ikatiwa kificho isisikilizwe na watu wengine, maneno yao yakawa mkwaruzo usiofahamika, na kiredio chake hakikushika chochote.

Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponiambia ambalo watu wazima wote wa Bongwe walilijua. Mjomba alikuwa na mke. Alifariki akijifungua, yeye na mtoto, asubuhi, mjomba akiwa kazini Diani. Habari ilizagaa mtaa mzima. Yeye akatoka kazini jioni, akapitia dukani kununua nguo za mtoto, akarudi kwa miguu, ameshika kifurushi, anasalimia. Alifika mpaka mlangoni kwake ndipo akaona viatu vingi vya watu.

Nilikwenda kumwona. Nikamuuliza kwa nini siku ile alirudi kutoka barabarani wakati mwenyewe alikuwa ameniamuru ninyamaze.

Alivua miwani yake, akaipangusa.

"Mimi nilisalimiwa na watu wa njia nzima, mwanangu," alisema. "Wote waliniitikia vizuri. Hakuna hata mmoja aliyenishika mkono."