Kichupa Anachokibeba Hilaria Mgongoni

Kwa maelezo ya mama Jenifa wa Izia, mjini Sumbawanga, asubuhi moja ya mwezi wa sita alimwona jirani yake akitokea stendi na mtoto mgongoni. Mtoto hakulia. Hakupiga hata chafya, na baridi ile ya kung'ata masikio. Jirani akaingia naye kwenye jengo la utafiti, akatoka na kitenge begani, mtoto hayupo.

"Nimelea sita mimi," anasema mama Jenifa, ambaye jina lake ni Edith. "Mgongo wenye mtoto naujua."

Jirani huyo ni Hilaria, mfanya usafi na mbeba vifaa wa chumba cha utafiti wa kifua kikuu. Leo alfajiri yuko tena stendi, anapokea deli kutoka kwa kondakta wa basi la Mbeya, deli dogo kama la wauza aiskrimu. Analifunika kwa shuka zito, anainama, analipandisha mgongoni na kukaza kitenge kifuani. Kisha anatembea polepole, akikwepa mashimo.

"Ndiye huyo mtoto," anasema, akicheka peke yake.

Ndani ya deli, katikati ya barafu lakini bila kuigusa, mna kichupa kisichozidi kidole cha mwisho. Kina kingamwili ya kufanyia utafiti. Zamani Hilaria alikileta kwa bodaboda. Siku moja pikipiki ilirukaruka, barafu ikahama na kulala juu ya kichupa, kikaganda. Kikiganda kimekufa. Tangu hapo hubeba mgongoni, na shuka ameliongeza mwenyewe.

"Shuka halisaidii kitu," anasema Abeli, mtaalamu wa maabara. "Lakini mgongoni kwake deli halitikisiki, basi nimemwachia." Kila anapompokea humuuliza: "Mwanao amelala?"

Utani huo hauvuki ukuta wa maabara. Mtaani maneno ya Edith yametembea, na watu walioahidi kutoa damu ya utafiti wameogopa, wameacha kuja. Wanatafutwa hasa wale walioishi na mgonjwa wa kifua kikuu wasiugue. Wasipopatikana mwezi huu, kazi itahamishiwa mkoa mwingine.

Kwa Hilaria si kibarua tu kinachomuuma. Alimuuguza kaka yake Fabiani, kisha akaugua yeye. Walitumia dawa, wakapona wote. Edith naye alilala chumba kimoja na mumewe Clemens, aliyekohoa tangu kupanda mahindi hadi kuvuna ndipo akaenda hospitali. Edith hakuugua.

"Mimi nilale kitandani, yeye adunde tu? Nataka kujua kwa nini," anasema Hilaria.

Ndiyo maana leo hanyooshi njia. Anakata kona, anaingia uani kwa Edith, anamkuta akipepeta ulezi.

"Shikamoo mama Jenifa."

"Marahaba. Leo umemleta kwangu?"

"Nimemleta umwone."

Hilaria analitua deli, analifunua shuka. Kifuniko hakifungui, baridi itatoka. Edith anaweka ungo kando, anazunguka deli lote, analigonga kwa kidole.

"Hata miguu hana," anasema. "Humo mna nini?"

Hilaria anachota ulezi kidogo, anauweka kiganjani. "Mnunuzi akija, si unamwonyesha hivi? Mdudu wa kifua kikuu ana mafuta yake. Mwili ukimkamata, unachukua mafuta yale kidogo, unayaweka kwenye kiganja chake, unawaonyesha askari walio kwenye damu, wamjue adui. Cha kwenye kichupa kinakamata kiganja kile tu. Wanakitia kwenye damu iliyokwisha kutolewa, si ndani ya mtu. Kiganja kikifunikwa, askari wakanyamaza, ndipo wataalamu wanajua askari walikuwa wanatazama hapo."

"Kwa hiyo ni dawa."

"Si dawa, mama. Ni cha kuulizia."

"Na kimejibu nini?"

"Bado. Pengine askari wako waliona kitu ambacho wangu hawakukiona. Pengine siyo hivyo kabisa. Hata Abeli hajui."

Edith anautazama ulezi ule kiganjani kwa jirani yake. "Clemens alikuwa ananikoholea usoni," anasema taratibu. "Nami namtukana, nageukia ukutani, nalala."

"Hayo ndiyo wanayotaka kuyajua."

"Matusi?"

Wanacheka wote wawili. Hilaria anarudisha ulezi kwenye ungo, punje kwa punje. Abeli amemwahidi kumwonyesha kwenye hadubini seli zenye kiganja kile, zikiwaka rangi. Anachotamani Hilaria ni kuziona kwa pamoja: za kwake na za mwanamke huyu.

Anainama, anapandisha deli mgongoni.

"Mama Jenifa, twende wote asubuhi hii. Watoe damu kwangu, watoe na kwako."

Edith anaingiza ungo ndani, anafunga mlango, anajifuta mikono kwenye kitenge chake, anapita nyuma ya Hilaria, analivuta shuka lifunike kona iliyobaki wazi. Kisha anaweka viganja chini ya deli na kulisukuma juu kidogo, kama anavyopandishwa mtoto aliyeteleza.