Miaka Tisa na Chui

Mama Fundi, mshonaji wa ghorofa ya tatu, aliishi na chui miaka tisa, na msimwulize kwa nini, maana hata yeye keshachoka kujiuliza. Mumewe alikuwa mtunza wanyama. Bustani ya wanyama ilipofungwa, bwana mkubwa akarudi nyumbani na mtoto wa chui kwenye boksi, eti wa kukaa wiki mbili tu. Wiki mbili, jamani! Binti yao akahamia kwa shangazi yake siku hiyohiyo. Miaka ikapita, mume akafa, chui akabaki kwenye chumba cha nyuma.

Mtu huzoea. Ndani ya nyumba ile hukimbii, hupazi sauti, humpi chui mgongo, na hulii hata iweje, maana akisikia kilio tu anaanza kuparura mlango. Siku ya msiba wa mumewe, Mama Fundi alipokea wageni macho makavu. Mawifi wakanong'ona kwamba hakumpenda kaka yao. Wangejua nini wao? Mama Fundi alikuwa amekufa ganzi, mwili na roho.

Ndipo binti akajifungua. Likizo ya uzazi ilipokaribia kwisha, akapiga simu.

"Mama, nataka nikuachie mtoto nikienda kazini. Simwamini mtu mwingine. Lakini huyo mdudu wako atoke."

Mama Fundi hakubisha. Aliita maofisa wa wanyamapori, wakamdunga chui sindano ya usingizi, wakamteremsha ngazi kwa turubai, majirani wamejibanza milangoni. Hakuhuzunika, hakufurahi. Akapiga deki, akapaka mlango rangi, akatandika kitanda kidogo. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, mjukuu.

Jumatatu asubuhi binti akaja na mtoto na mfuko wa nepi. Akanusa hewa, akakagua kila pembe, akaridhika.

"Haya bibi, mjukuu wako huyo. Asikutie wazimu."

Mama Fundi akampokea. Binti akageuka kuvaa viatu. Mtoto akakunja uso, akaangua kilio.

Kiganja cha bibi kikamfunika mdomo na pua, kikabana sawasawa. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa chumba cha nyuma, anasikiliza.

"Mama! Unamfanya nini mwanangu?"

Binti akamnyakua mtoto, akashuka ngazi mbio na kiatu kimoja.

"Mwanangu, rudi," Mama Fundi akaita. Akaita kwa kunong'ona, kama alivyozoea, na binti alikuwa keshafika barabarani.