Mwamba Walioufunga Wanawake

Mwanamkisi wa kijiji cha Chundwa hakuwahi kukaa darasani, lakini ndiye aliyewashawishi wenzake waufunge mwamba wa pweza, asiingie mtu mpaka pweza wakue. Shuaib, mwenyekiti wa wavuvi, aliwaita wendawazimu. Pweza waliporudi wakubwa, huyo huyo akaenda kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Lamu akausimulia mwamba kama kazi yake. Akapigiwa makofi. Tangu Mwanamkisi apate habari hizo, chakula kilikuwa hakimshuki.

Mwaka uliofuata waandaaji walitaka mwanamke azungumze. Akaitwa yeye.

Hasira alikuwa nayo. Sauti ndiyo iliyokosekana. Alifikia mtaa wa Mkomani, hapo Lamu, kwa Saadiya, binti wa mamake mdogo, akafanya mazoezi jikoni Saadiya akikuna nazi. Kila akianza, maneno yalimpotea. Saadiya alicheka, akasema hata kuku wa jirani wameshaielewa hotuba, kabaki yeye. Ila alimsisitizia jambo moja: kwanza aombe idhini ya mkubwa wa kwao, maana mwanamke wa visiwani hasimami kunena mbele ya wanaume bila idhini.

Ukumbini, mkubwa wa kwao alikuwa Shuaib. Alikaa mbele, kofia mpya kichwani, tayari kumkubalia. Mwanamkisi alishika meza. Akatoa salamu. Ombi la idhini likamfika mdomoni, akalimeza.

"Mwamba tuliufunga wanawake," akasema. "Mimi, Hayat, Nusra na Ruba. Mwaka jana mulihadithiwa na mtu aliyetucheka."

Watu wakanong'ona. Shuaib akainuka, akasema kwa upole kwamba Bi huyu amebabaika, wamuwie radhi, yeye atawafafanulia.

"Keti, Bwana Shuaib. Umeninenea mwaka mzima. Leo nina mdomo wangu."

Akaendelea mpaka mwisho, sauti ikikwaruza, mengine akiyarudia, mengine akiyasahau kabisa. Haikuwa hotuba nzuri. Lakini Emily, mtafiti aliyeongoza kikao, alimwomba arudie yale majina manne, akayaandika kwenye ripoti ya mwamba, mahali palipokuwa na jina la Shuaib.

Gatini Shuaib alimngoja. Akamwambia Chundwa nzima itajua kwamba hana adabu.

"Anzia kwa Hayat," Mwanamkisi akamjibu, akishuka chomboni. "Ana hamu sana ya kusikia."