Ndovu wa Simiti

Juzi nilishuka Voi kutoka kwetu Ronge, milimani, na kando ya barabara nikakuta bango kubwa lenye picha ya ndovu mwekundu. Kijana wa hoteli aliniona nimeduwaa, akanisogelea. "Nyanya, ndovu wa huku ni wekundu kwa sababu ya udongo. Wageni wanatoka mbali kuwaona." Nilimwambia asante, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Mimi ndiye wa kufundishwa rangi ya ndovu! Kaa hapa nikueleze, rafiki yangu, ujue hasira hii ilianzia wapi.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, tulikaa nje kidogo ya mji huo, upande wa mashamba ya mkonge. Alfajiri ilianza kwa honi ya gari la moshi, kisha mchi wa jirani yetu mfinyanzi, aliyetwanga udongo mkavu kama wengine wanavyotwanga mahindi. Binti yake alikuwa rika langu. Tulichota maji pamoja, tukala kimanga kwa nyanya yangu, muhogo na maharagwe yaliyopondwa yangali moto, tukakimbilia shule tukilamba vidole. Wasichana tulikuwa wachache. Wazee walisema binti anasomea wakwe zake. Mama yake, huyo mfinyanzi, mjane, alibishana nao mpaka wakamchoka, mtoto akaingia darasani.

Mwaka huo mzungu msimamizi wa shule alimleta rafiki yake, fundi wa sanamu, akajenga ndovu wa simiti mbele ya ofisi. Alikuwa mkubwa kuliko ng'ombe, amepakwa rangi ya jivu. Tulimzunguka, tukampapasa magoti, tukatia mikono mdomoni kutafuta magego. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alimletea bunzi la hindi.

"Mbona ako hivi? Ni mgonjwa?"

"Ametoka kuoga."

"Wacha uongo! Ndovu akishaoga si hujimwagia mchanga palepale?"

Tulikuwa tumewaona kwa macho yetu wakishuka mtoni, wekundu kama miguu yetu wenyewe. Wa rangi ya jivu hakuna aliyewahi kumwona. Tulimhurumia, maana alionekana kama mtu aliyetolewa nje bila nguo. Binti wa mfinyanzi akasema tumsaidie.

Walimu walipokwenda kula, alituonyesha namna ya kukanda udongo na maji mpaka ushike, akatukemea tusiupake mzito ukapasuka. Tulimpaka toka mkonga hadi mkia. Tulipomaliza, yule wa darasa la kwanza, aliyemlisha bunzi, alirudi nyuma akaanza kulia kwa woga. Hapo tukajua kazi yetu ilikuwa nzuri.

Kesho yake tukapangwa paredi. "Nani amechafua sanamu ya mgeni?" Binti wa mfinyanzi akatoka mstarini. "Hatujamchafua, mwalimu. Ndovu wako hivi."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa milima yetu. Ndovu haohao walikuwa wamekula mahindi ya mama yake, naye alijua rangi yao kama alivyojua jina lake. Alimtazama mzungu, kisha akachukua kiboko. Sisi wengine tulichapwa. Yeye alifukuzwa shule kwa kukosa adabu mbele ya wageni. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyo wetu alikuja, wenyeji tukaumizwa!

Haikupita wiki mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi ndovu alikuwa jivu tupu, hana hata mkwaruzo. Mama mfinyanzi alikuja na kuku kwapani, akapiga magoti mlangoni mwa ofisi, akawaonyesha ndovu kwa kidole: si ametakata? Kuku walimpokea. Mtoto hawakumpokea. Akapelekwa kuanika mkonge juani, na mimi nikabaki na dawati zima peke yangu.

Siku hizi mchi wa mfinyanzi hausikiki tena, maji huchotwa kwa ndoo za plastiki. Shule ile ilihamishwa, na ndovu wa simiti akavunjwavunjwa kuwa kifusi cha kujazia mashimo ya barabara. Huyo simlilii. Wanangu huniambia yaliyopita si ndwele. Ni rahisi kusema hivyo kama hukuumwa wewe. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikalipwa pensheni, na katika sisi wawili mwenye akili alikuwa yeye.

Yuko hai, aliolewa Mbololo. Nikimtembelea hunipa simu yake nimsomee ujumbe wa wajukuu, akinitazama mdomo kwa makini. Huwa natoka kwanza uani, nisimame kidogo, maana akiniona nimekunja uso kwa hasira atadhani wameandika habari mbaya.