Ataonekana Jumamosi

Harufu ya petroli peke yake hainifanyi kitu. Ya maziwa mgando ndiyo kabisa, ni harufu ya kwetu, naipenda. Lakini juzi sokoni mwanamke mmoja alitua kibuyu chake cha maziwa karibu na lori lililokuwa likivuja mafuta, na zile harufu mbili zikanifikia kwa pumzi moja. Nilishika ukingo wa meza ya muuza vitunguu.

"Dada, unaumwa?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, ni jua tu. Ningemweleza nini? Kwamba nimenusa Jumamosi moja ya utoto wangu, siku mama yangu alipomwandalia chakula mtu aliyekuwa nuru tu juu ya kitambaa? Yeye alikuwa na vitunguu vya kuuza. Nyinyi mna nafasi kidogo, basi nisikilizeni.

Nyumba yetu ilikuwa Sekei, upande wa juu, ambako asubuhi Mlima Meru husimama nyuma ya migomba kama mtu aliyekuja kuomba moto. Baba alilima kahawa na alikuwa mzee wa kanisa. Kaka yangu Elia, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa amechukuliwa vitani, huko ng'ambo walikokuita Bama, yaani Burma, nami nikiwa bado mdogo mno. Sura yake sikuwa nayo. Nilikuwa na mluzi wake tu, mluzi wa jioni akirudisha ng'ombe, sauti iliyotangulia kufika nyumbani na kutuambia tutenge chakula. Picha yake hatukuwa nayo. Tangu lori lililombeba lilipoteremka na kumezwa na vumbi, hatukupata neno lake lolote.

Ndipo Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, jirani yetu Mzee Ndekirwa akamvuta baba kando. Alikuwa amekwenda sokoni Usa kuuza mbuzi, akakuta gari la sinema la serikali likionyesha watu picha zinazotembea. Katika picha za askari wetu walio mbali, akaapa, alimwona Elia. Ananawa uso. Anacheka.

Kesho yake baba alivaa koti lake la kanisani, ingawa ilikuwa siku ya kazi, akateremka mjini kwenda kuwaomba watu wa lile gari waje kwetu. Uwanja wetu ulikuwa mpana kwa sababu ya vichanja vya kuanikia kahawa, na gari liliweza kufika.

Siku chache baadaye akaja mwenye sinema kuukagua uwanja. Aliitwa Salehe, kijana mwembamba mwenye kofia ya kufuma, mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili chake kilitiririka hata tukawa tunaangalia mdomo wake badala ya kusikiliza. Nyumbani sisi tulisema Kimeru. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha mjini na cha wageni, na mama alikuwa nacho kidogo, maneno machache aliyoyatunza vizuri kama vikombe vya udongo.

"Shikamoo mama," Salehe alisema.

"Marahaba, baba."

"Nimesikia habari ya mwanao. Basi usiwe na wasiwasi. Jumamosi ataonekana hapahapa, mbele ya mlango wako."

Mama alitua kikapu chake chini polepole.

Hapo lazima niwaambie neno hilo lilikuwa na maana gani kwetu. Msimu wa mvua uliopita, mtoto wa jirani alipotea msituni. Kengele ya kanisa ililia, wanaume wakapanda na mienge, mama yake akaketi mavumbini. Siku ya pili mtu alikuja mbio akiteremka mlima, na kwa sababu kulikuwa na watu wa makabila mengi katika kumtafuta, alipiga kelele kwa Kiswahili: "Ameonekana! Mtoto ameonekana!" Na kweli nyuma yake tukamwona mtoto mwenyewe, mgongoni mwa mtu, miguu ikining'inia, yu hai, analia njaa. Hilo ndilo neno mama alilolitunza. Kuonekana kulikuwa ni kurudi, kuja na tumbo linalotaka chakula.

Kwa hiyo akaanza kujiandaa.

Kwanza alitoa godoro la Elia juani. Kisha akakaa na shangazi yangu Ndeshi, dada yake baba, wakapanga chakula. Mama hakutaka chakula cha wageni. Alitaka usiku wote uwe wa Elia, kila kitu kiwe kile alichokipenda: loshoro, yaani mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa, yakatiwa maziwa mgando; ndizi na nyama, ndizi zisipondeke; ndizi mbivu za kuchoma; togwa; na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, wakati ambapo sukari ilikuwa haipatikani kwa sababu ya vita hivyohivyo. Nyumba kwa nyumba akaiomba, vijiko viwili huku, kimoja kule, na kila nyumba ilitoa bila kuuliza.

"Wifi, unapikia jeshi zima?" shangazi alimtania.

"Yeye peke yake alikuwa akila kama jeshi."

"Na akija na Mzungu wake?"

"Mzungu atakula togwa, akae kimya."

Walicheka. Kisha shangazi akaangalia godoro pale juani, akaacha kucheka, akanitazama mimi. Naye alikuwa ameelewa kwamba mama anamngoja Elia mwenyewe, si picha. Sinema aliwahi kuiona mjini.

Sijui kama mmewahi kuwa katika nyumba ambamo kila mtu anajua jambo moja isipokuwa yule ambaye jambo ni lake. Mtu hupumua kwa uangalifu. Baba alijaribu kumwambia. Nilikuwa jikoni nikimenya ndizi alipoinama kuingia, jambo ambalo mwanaume wa kwetu hakulifanya ovyo. Akasimama katika moshi, macho yanamtoka machozi.

"Mama Elia."

"Sema."

Moto ulilia. Baba alikohoa.

"Kuni zinatosha?"

"Zinatosha."

"Haya." Akatoka. Baadaye akarudi tena, akauliza habari ya maji.

Shangazi naye alijaribu kwa njia yake. "Wifi, sinema ni kivuli tu. Kivuli hakina tumbo." Mama akamjibu kwamba Elia naye atakuwa amekonda, huko hawajui kupika. Nikaona wakubwa wameshindwa, basi nitamwonyesha mimi. Jioni nilikaa mbele ya kibatari, nikakunja vidole, nikafanya sungura ukutani. Nikamchezesha masikio.

"Mama, tazama. Sungura yupo?"

"Yupo," mama alisema, akipepeta mahindi. "Mzuri."

"Lakini hayupo, mama!"

"Basi mlishe, atakuja."

Niliacha mikono ianguke. Sungura alikufa ukutani, na mama akaendelea kupepeta.

Jumamosi mvua ilinyesha alasiri, mvua ya Meru isiyo na taarifa. Gari la sinema lilifika limepakwa matope hadi madirishani. Salehe alifungua mlango wa nyuma, akatoa kitambaa chake cheupe, na maji yakachuruzika kutoka ndani yake kama kimetoka mtoni.

"Mzee, kitambaa kimelowa," alimwambia baba. "Sina cha kuangushia picha. Labda tupange siku nyingine."

Nilimwona baba akishusha pumzi. Nadhani nami nilishusha. Lilikuwa jambo zuri kabisa, mvua hii. Hakuna aliyemkatalia mama, ni mbingu tu. Lakini mama alikuwa amesikia "siku nyingine", na maneno hayo nayo alikuwa anayo. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoka na shuka jeupe lililokunjwa ambalo halijawahi kutandikwa. Alikuwa amelinunua kwa ajili ya kitanda cha Elia, atakaporudi. Akamwekea Salehe mikononi.

Wakalifunga kati ya nguzo mbili za kichanja. Giza lilipoingia uwanja ulikuwa umejaa. Wazee kwenye viti, akina mama mikekani, watoto juu ya vichanja kama kahawa mbichi. Injini ya umeme ikaanza kunguruma ikitoa moshi wa petroli, na kutoka jikoni ikaja harufu ya maziwa, zikakutana juu ya vichwa vyetu.

Mwanzoni tulionyeshwa mtu akichimba matuta shambani. "Jembe halishikwi hivyo," mzee mmoja alisema. "Huyo hajawahi kulima," alisema mwingine, "mtazameni viatu." Watu wakacheka, chai ikapita, na mama hakuketi. Alisimama kando ya shuka na bakuli la loshoro mkononi, akilikoroga kwa vidole ili lisigandane, akiangalia barabarani.

Barabarani, si kwenye shuka. Alikuwa akingoja mtu atoke gizani, apite kati ya watu. Nilijisogeza hadi karibu na miguu yake. Sikujua nitafanya nini. Labda nilitaka nimshike gauni.

Kisha wakatokea askari. Mahema, moshi, wanaume wamepanga mstari wakicheka bila sauti. Na Mzee Ndekirwa akaruka kutoka kitini.

"Huyo! Huyo anayenawa! Mama Elia, tazama shuka! Shuka!"

Mama akageuza uso. Nami, badala ya kutazama shuka, nikamtazama yeye, kwa sababu niliogopa kitakachompata. Nuru ilikuwa ikimchezea mashavuni. Mdomo wake ulifunguka kidogo, kama anayepuliza uji wa mtoto. Nikaona kitu kikimfika machoni, kikakaa, na nilipojua kwamba ndiye, kwamba kaka yangu yuko pale, nikageuka haraka.

Kulikuwa na meli. Bahari na meli.

"Amekwenda wapi?" mama aliuliza kwa Kiswahili, ili Salehe asikie.

"Amepita, mama."

"Mrudishe."

"Mkanda haurudi nyuma hivihivi. Mpaka uishe, niuzungushe wote, na injini..." Alichukua debe la petroli, akalitikisa karibu na sikio. Likalia kidogo tu, chini kabisa. Akamtazama baba, akatutazama sisi sote, kijana wa watu, kama anayetafuta katika uwanja ule mtu mwenye mafuta. "Yaliyobaki ni ya kutufikisha mjini. Nisamehe, mama."

Injini ilipozimwa, tukasikia migomba ikidondosha maji. Mtu akaleta kandili. Mama alikwenda taratibu hadi kwenye shuka, akainua mkono, akaligusa. Kisha akazunguka nyuma yake. Tulimsikia akitembea huko kwenye matope, hatua chache, zikasimama. Hakuna aliyemfuata. Baba alikuwa amekaa na kofia magotini, akiizungusha, akiizungusha.

Mama alipotokea upande wa pili, bado alikuwa na bakuli. Akaenda moja kwa moja kwa Salehe.

"Kula, baba."

"Mama, hiki si cha mwanao?"

"Kula. Wewe umefika."

Salehe hakuwa amewahi kula loshoro. Nilijua kwa jinsi mdomo wake ulivyojikunja kwa uchachu. Lakini aliketi kwenye ngazi ya gari lake akala yote, akakomba bakuli kwa kidole, na mama akasimama mbele yake mpaka mwisho.

Vita vilikwisha. Wengine walirudi, wakateremka kwenye malori na masanduku ya mbao. Siku moja tukatumiwa mtu wa serikali kutoka bomani kutuambia kwamba Elia, hadi hapo, hajaonekana.

"Ameonekana," mama alimwambia, bila hasira. "Hapa kwetu. Watu walikuwepo."

Yule mtu akamtazama baba, na baba akakubali kwa kichwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba usiku ule mimi ndiye niliyejua na mama ndiye aliyedanganyika. Sasa nadhani alijua kabla sijafika miguuni pake, labda tangu yule sungura wangu. Sina hakika, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza. Ninachojua ni kwamba kupika lilikuwa jambo pekee lililobaki mikononi mwa mtu yeyote katika nyumba ile, naye akalifanya hadi mwisho, wakati sisi tuliojua tulikuwa tukiuliza habari za kuni.

Watu wote wa Sekei waliokuwepo usiku ule walimwona kaka yangu. Mimi sikumwona. Wengi wao wamekufa, na hakuna wa kunieleza alivyokuwa.

Lakini nilipoolewa mama alinipa lile shuka, limekunjwa, akaniambia nisilifue. Nililifungua nikiwa peke yangu. Juu, mahali ambapo mkono wake usingefika bila kujinyoosha, kuna doa dogo la njano, alama ya vidole vitatu vilivyokuwa na maziwa. Huwa nalitundika lile shuka mara mojamoja mlangoni, nikasimama mbele yake. Nalitazama lile doa. Uso wa kaka yangu ulikuwa hapo.