Katuni za Babu, kwa Upande wa Bibi

Babu alipofariki alituachia makasha ya majarida ya katuni, na mchwa walikuwa wameshaanza kula urithi wao. Nikayaskani yote, ukurasa kwa ukurasa, kila toleo nikalipa namba yake, nikayahifadhi kwenye kompyuta kuukuu niliyoigeuza seva pale kwetu Nguvumali. Mtu yeyote nyumbani angeweza kuyafungua kwenye simu yake. Mimi ni mtu wa mpangilio. Toleo likikaa pasipo pake sipati usingizi.

Kazi yote ile niliifanya kwa ajili ya bibi. Tangu atoke eda alikuwa hasemi na watu, na kula ni mpaka abembelezwe. Zamani babu alikuwa akimsomea katuni kila baada ya alasiri, maana bibi alisoma chuo cha Kurani tu; herufi za Kiarabu anazijua barabara, hizi zetu hazijui. Nilitaka acheke tena, basi.

Nikampa tableti. Akaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho, akaanza na picha ya kulia. Nikamwambia hadithi inaanzia kushoto, nikamrudisha mwanzo. Akarudi mwisho. Nilipomrudisha tena akaiweka mkekani, akanipa mgongo. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nimehangaika miezi mizima, halafu mtu ananinunia!

Shangazi ndiye aliyenicheka. Akanieleza kwamba babu akishamaliza kusoma, alimwachia bibi jarida naye amsimulie kwa picha tu, kutoka kulia kama anavyofungua msahafu.

Basi nikamfungulia bibi akaunti yake kwenye seva, nikazigeuza kurasa zote za nakala zake, wa mwisho ukawa wa kwanza. Roho iliniuma kuvuruga mpangilio wangu. Kisha nikaketi kando yake, nikafungua hadithi ya bwana harusi aliyeugua akafa.

Bibi akaanza kusimulia, polepole. Watu wamebeba jeneza, wamelitua uani. Mtu kaamka kitandani, kapata nafuu, kapanda baiskeli yake kwenda kwa mchumba.

Nikamuuliza, kwa hiyo hafi?

"Hafi, mwanangu," akasema. "Babu yako alipolazwa, hakutaka nimsimulie nyingine ila hii."

Akacheka, machozi yakimtoka, nami nikalia naye.